Hadithi za Ajabu kwa Watoto Wetu wa Nakuru



Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka inapowadia, familia zetu zilizohamia Nakuru kutoka pwani hukabiliwa na swali moja: mtoto wa gredi ya 4 au ya 5 asome nini akishatoka madrasa? Jioni za huko ni za baridi, watoto huingia ndani mapema, na simu ya mzazi iko karibu. Wapo kina mama ambao wangependa kununua vitabu vya safari za ajabu, lakini wakiona majini, wachawi na wanyama wasemao, husita.

Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Uchawi ni katika madhambi makubwa, na haifai mtoto azoee kuuona kuwa mchezo. Hata hivyo, maajabu humfikia mtoto hata asiponunuliwa kitabu. Huko Nakuru atasikia kwa wenzake kwamba shimo la Menengai lina mizimu, na kwamba mvuke utokao humo ni roho za watu waliouawa vitani. Afadhali basi ajifunze nyumbani namna ya kuyapima maajabu kuliko kuyapokea njiani bila mwongozo.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Kisa cha Nabii Suleiman (A.S.) na chungu, katika Suratun Naml, ni haki, kwa kuwa ni maneno ya Mwenyezi Mungu. Hadithi ya kubuni ni mfano. Mtunzi na msomaji wote wawili wanajua kwamba haikutokea. Uongo ni jambo linalosemwa ili kumhadaa mtu. Mtoto aliyefahamishwa tofauti hizi husoma kwa furaha, na akisimama ukingoni mwa Menengai ataelewa kwamba mvuke ule ni wa maji yaliyochemshwa na joto lililo chini ya ardhi.

Vitabu vya kuanzia vipo, tena kwa Kiswahili. Kwa wadogo, Hekaya za Abunuwasi ni fupi na za kuchekesha. Ujanja wake mwingine haufai kuigwa, kwa hiyo mwulize mtoto: je, hila hii ilikuwa halali? Anayefuata ni Alisi, msichana aliyemfuata sungura hadi shimoni akafika nchi ambayo mtu hupungua na kukua ghafla. Hadithi hiyo ya Lewis Carroll ilichapishwa mwaka 1865. Ilitiwa katika Kiswahili mwaka 1940, na tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, ikatoka mwaka 2015.

Kwa wa gredi ya 6, Adili na Nduguze cha Shaaban Robert hakina mfano. Ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wanageuzwa manyani kwa sababu ya wivu wao, na Adili analazimika kuwaadhibu kila usiku huku akilia. Majini wamo, lakini kiini chake ni husuda, subira na msamaha. Lugha yake ni nzito, basi mzazi asome pamoja na mtoto. Apendaye bahari atafutiwe Kisiwa chenye Hazina, kilichotafsiriwa na Frederick Johnson mwaka 1929. Hakina uchawi, ila maharamia wake ni walevi, na hilo lielezwe.

Vitabu vya Kiingereza vinahitaji uangalifu zaidi. Katika hadithi za Narnia, mtunzi C. S. Lewis alikusudia simba wake abebe itikadi ya Kikristo. Katika Harry Potter uchawi ni somo la shuleni. Mzazi avisome kwanza mwenyewe, kisha aamue kama mwanawe amekomaa kiasi cha kupambanua. Kuahirisha kitabu si kukifukuza nyumbani.

Ipo faida nyingine. Mtoto wa Nakuru hucheza kwa Sheng na kusoma kwa Kiingereza. Asipopata hadithi tamu za Kiswahili fasaha, siku moja ataketi mbele ya bibi yake Lamu asimwelewe. Safari ya ajabu humvuta kurasa nyingi bila kulazimishwa, na maneno humwingia pole pole.

Kurasa kumi baada ya sala ya Isha zatosha. Wasiomudu kununua waulize katika maktaba ya umma. Kitabu kikiisha, mtoto naye atunge safari yake: kuna chemchemi zichemkazo za Bogoria, kuna heroe wa Ziwa Nakuru. Asimulie, na nyinyi msikilize.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa na akili za kupambanua. Amin.