Mdundo Kwanza, Mchoro Baadaye

Tarehe 18 Novemba 1928, katika ukumbi wa Colony jijini New York, watazamaji walimwona panya Mickey ameshika usukani wa meli ya mtoni huku akipiga mluzi. Katuni hiyo ya Walt Disney, Steamboat Willie, haifiki dakika nane, na wengi huitaja kuwa katuni ya kwanza yenye sauti. Sifa hiyo si yake. Ndugu Fleischer walikuwa wakitoa katuni zenye sauti tangu katikati ya miaka ya 1920, na mwaka huohuo wa 1928 Paul Terry alitangulia na Dinner Time. Kilichoitofautisha Steamboat Willie ni kazi ambayo jicho halioni: mdundo wake ulipigiwa hesabu kabla kalamu haijagusa karatasi.

Filamu ya sauti hupita kwenye projekta kwa kasi ya picha 24 kila sekunde. Wilfred Jackson, kijana wa studio ambaye mama yake alifundisha muziki, alileta metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mapigo. Kikipiga mara 120 kwa dakika, yaani mara mbili kwa sekunde, kila pigo linameza picha 12. Kwa hiyo mchoraji anajua mguu utue kwenye picha ya ngapi. Tazama kipande cha mbuzi. Amekwisha kula karatasi za muziki. Minnie, panya mwenzake Mickey, anauzungusha mkia wa mbuzi huyo kama mpini wa gramafoni, na wimbo unamtoka mdomoni. Kichekesho chote kimeegemea mdundo. Mkono ukichelewa kidogo tu, kinapooza.

Wapo watakaosema heshima ni ya Ub Iwerks, mchoraji mkuu. Mkono wake ulikuwa hodari kweli, lakini mwaka huohuo alikuwa amekwisha kumchora Mickey katika Plane Crazy na The Gallopin' Gaucho, na filamu hizo mbili, zikiwa bubu, hazikupata msambazaji. Wengine watasema basi ni sauti iliyoleta ushindi. Kama sauti peke yake ingetosha, Dinner Time ndiyo ingekumbukwa leo. Ushahidi mzito zaidi uko kwenye chumba cha kurekodia. Disney alipokwenda New York kurekodi, mara ya kwanza okestra haikwenda sambamba na picha, kazi ikaharibika. Ala zilikuwepo, na michoro ilikuwepo; kilichopotea ni hesabu ya kuziunganisha. Disney aliuza gari lake kulipia mara ya pili, na safari hii kiongozi wa okestra akafuata kimpira kilichopanda na kushuka kwenye filamu kumwonyesha kila pigo. Muziki na picha vikashikana.

Je, hesabu kali namna hii haiibani sanaa? Hofu hiyo ina msingi, kwani kila hatua ikitua juu ya pigo, mchezo unachosha. Lakini mcheza ngoma anayeweza kuchelewesha bega kwa makusudi ni yule anayejua pigo liko wapi; asiyejua anachelewa tu. Metronomu haikumchorea Iwerks hata mstari mmoja. Ilimhakikishia kwamba mguu alioutua kwenye karatasi utakutana na ngoma ukumbini.