Kofia za Bluu Hazikulipwa kwa Urefu wa Vita

Nikizungumza na wachimba dhahabu wa Misisi, Kivu Kusini, swali ni lile lile: "MONUSCO walikuwa na helikopta na magari ya deraya. Kwa nini hawakuwamaliza wapiganaji wa Mai-Mai? Si walitaka vita viendelee ili wale mishahara?"

Basi, tusikilizane. MONUSCO ni misheni ya kulinda amani ya Umoja wa Mataifa huku Kongo, lakini Umoja wa Mataifa hauna jeshi. Huazima la watu. Wapakistani mliowazoea Baraka walikuwa wanajeshi wa Pakistani. Serikali yao iliwateua, ikawafunza kabla ya safari, ikawalipa, na ndiyo yenye mamlaka ya kuwashtaki wakikosa. Umoja wa Mataifa huirudishia serikali hiyo kiwango kimoja kwa kila askari: kuanzia Julai 2018 kilikuwa dola 1,428 kwa mwezi. Hakipandi Misisi ikichomwa moto, wala hakishuki watu wakilala salama. Askari mwenyewe hubadilishwa, akarudi kambini kwao. Vita vikirefuka, yeye anapata nini? Mtasema serikali yake inafaidi. Lakini kiwango hicho hicho ingekipata kwa kupeleka askari misheni nyingine.

Dhahabu je? Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2007 ulibaini kwamba afisa wa Pakistani aliwasaidia wafanyabiashara wa dhahabu kule Mongbwalu, Ituri. Ni aibu, ila haielezi kwa nini Yakutumba, kiongozi wa Mai-Mai, hakumalizwa.

Jibu liko kwenye amri waliyopewa: kulinda raia na kulisaidia jeshi la Kongo, FARDC. Septemba 2017, wapiganaji wa Yakutumba walipoukaribia mji wa Uvira, helikopta za MONUSCO ziliingia kati. Kuwasaka msituni ni jambo jingine. Brigedi iliyoundwa kwa kazi hiyo mwaka 2013, ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ilielekezwa zaidi Kivu Kaskazini. Na MONUSCO wangetaka kubaki, wasingeondoka Kivu Kusini 30 Juni 2024 kwa ombi la Kinshasa.

Sasa la kufanya. Mitandao ya tahadhari ya vijiji isife. Tukio likitokea, andikeni tarehe, mahali na sare. Pelekeni kwa chifu wa sekta na mashirika ya kiraia, mbaki na nakala. Mwenye kesi na askari wa kofia ya bluu aitaje bendera ya begani, kwa kuwa serikali ya askari huyo ndiyo yenye mamlaka ya kumshtaki. Kupeleka malalamiko Umoja wa Mataifa hakulipiwi. Anayewadai ada ya "kufuatilia fidia" ni mwizi. Na swali la usalama wa Misisi waulizwe FARDC na polisi: kazi hiyo ni yao.