Kumchungua Ninga na Kumpiga Picha

Mwalimu mwanafunzi atakayepelekwa Pemba kufanya mazoezi ya kufundisha atamkuta huko ndege asiyepatikana kwingineko duniani ila katika kisiwa hicho na visiwa vidogo vinavyokizunguka. Huyo ni ninga wa Pemba, njiwa wa msituni. Kichwa na kifua chake ni vya kijivu, mbawa zake ni za kijani, na begani ana baka la zambarau. Msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi ya kisiwa, wafaa sana kwa kumtafuta.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kulipeleka msituni darasa zima la watoto arobaini bila ya maandalizi. Walisikia mbawa tu. Kesho yake mtoto mmoja alileta ninga mfu, aliyempiga kwa manati, akidhani atamfurahisha mwalimu. Kosa halikuwa la mtoto: aliambiwa amtafute ninga, hakuambiwa amtafute vipi.

Basi utafutwe kwanza mti, si ndege. Ninga hula matunda, hasa ya mikuyu na jamaa zake. Mti uliozaa ukipatikana, wapelekwe watoto sita au wanane mapema asubuhi, nao waketi kimya. Kwa kuwa rangi humficha ndege huyu katikati ya majani, watazame tawi linalotikisika pasipo upepo, na makombo yanayodondoka. Watamwona akiparamia matawi mfano wa kasuku, hata kuning'inia kichwa chini ili alifikie tunda. Sauti yake ni ya miluzi, wala haifanani na mlio wa njiwa wa nyumbani.

Picha ije baadaye. Kila mtoto achore kwanza alichokiona, kisha picha itumike kuusahihisha mchoro. Lenzi ya kawaida itatoa nukta tu. Ya milimita 400 ni bora, na shule isiyokuwa nayo yaweza kuiweka simu kwenye jicho la darubini. Jua liwe mgongoni mwa mpigaji, kwani ndege aliye mbele ya mbingu nyeupe hutoka mweusi kama kivuli, na rangi zote hupotea. Kiota kisikaribiwe, wala majani yanayokisitiri yasikatwe ili picha ipendeze. Mzazi aliyetishwa huweza kuyaacha mayai yake.

Manati zote zikusanywe kabla ya safari na kufungiwa kabatini.