Mchanga si Tandiko la Kila Mjusi

Huku kwetu mjusi kafiri akionekana ukutani hutafutwa ndara. Basi msinicheke, wasomaji wapenzi, nikiwaambia kwamba mpwa wangu aliyeko Leicester, Uingereza, alinunua mjusi kwa fedha zake, akamtia katika sanduku la kioo na kumwekea taa ya joto.

Mjusi mwenyewe ana madoa kama ya chui, na asili yake ni Iran, Afghanistan, Pakistan na India ya kaskazini-magharibi. Hapandi ukuta, kwani vidole vyake havinati. Hutembea chini tu, kwa hiyo anapokanyaga ndipo kitandani pake na ndipo sinia lake. Mpwa wangu alisikia "nchi kavu" akawaza jangwa, akamwaga mchanga laini. Nami nikamsifu.

Tulikosea sote wawili. Kwao mjusi huyu hukaa penye mawe na udongo mgumu ulioshikamana. Kila aliporukia nyenje alimeza na chembe za mchanga; na mjusi aliyepungukiwa na madini ya chokaa mwilini huulamba hata kwa makusudi. Akaacha kula, tumbo likafura, akafunga choo, akafa kabla ya kufikishwa kwa daktari. Ni mjusi, naam, lakini khabari ya yule mwanamke aliyemfungia paka twaijua sote. Aliye kifungoni hajitandikii.

Mjusi wa pili analalia gazeti. Halimezwi kama mchanga, uchafu huonekana mara moja, na hukunjwa likatupwa. (Sioni haya: makala yangu yamekwisha kufungia bajia.) Vigae pia vyafaa, kwani hushika joto la taa. Randa za mwerezi ziepukwe kabisa. Mafuta yake yenye harufu hudhuru mapafu.

Lakini lililonikalisha kitako ni hili. Mjusi huyu akijivua ngozi huhitaji pango dogo lenye unyevu, ama sivyo ngozi husalia vidoleni, ikavibana mpaka vikakatika. Humo mpwa wangu hutia unga wa makumbi ya nazi, ulioshindiliwa kama tofali. Ukitiwa maji hufura, ukakaa na unyevu siku nyingi bila ya kuoza upesi. Watokao sana ni wa Sri Lanka na India. Makumbi! Yale waliyoyafukia bibi zetu pwani, wakayatwanga na kusokota kamba, vumbi lake likienda na upepo. Vumbi hilo ndilo alinunualo.

Nikamwambia nitampelekea gunia.

"Yamelowekwa maji ya bahari, mjomba?" akauliza. Chumvi hubaki ndani, na hapana budi yasuuzwe kwa maji matamu tena na tena kabla ya kutandikwa.

Nikakumbuka bei ya maji mtaani kwetu. "Basi nunua," nikamwambia.