Video za Mapishi: Mate Yanapotangulia Uamuzi

Kitunguu kinapotumbukizwa katika mafuta ya moto, simu haitoi harufu wala mvuke. Hata hivyo, kinywa cha mtazamaji hujaa mate. Huo si ulafi. Ni kazi ya kawaida ya mwili.

Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake kuhusu umeng'enyaji wa chakula, alionesha kuwa mbwa hutokwa na mate hata kabla ya chakula kufika mdomoni. Binadamu naye ni vivyo hivyo. Macho yanapoona na masikio yanaposikia, ubongo hukumbuka ladha, na tumbo huanza kujiandaa.

Watayarishaji wa video wanalifahamu hilo. Kinasa sauti husogezwa karibu na kikaango. Kamera hutazama kutoka juu na kuonesha mikono pekee, hata mtazamaji akaiona kama yake. Pishi la saa mbili hufupishwa kuwa la nusu dakika, na mwishoni hutajwa kikaango kinachouzwa.

Kuvutia mteja si kosa. Kumpotosha ni kosa. Mwaka 1970, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitoa amri kuhusu matangazo ya supu ambamo gololi ziliwekwa chini ya bakuli ili mboga zielee juu. Supu ilikuwa ya kweli. Wingi wa mboga ndio uliodanganya.

Kabla ya kulipia bidhaa uliyoiona katika video ya mapishi, mlaji unashauriwa:

1. Kula kwanza, kisha uamue. Kikaango unachokihitaji leo, utakihitaji na kesho.
2. Kuchunguza iwapo mpishi amelipwa ili aisifu bidhaa hiyo.
3. Kuuliza bei kamili pamoja na gharama ya usafirishaji, jina na mahali alipo muuzaji, na masharti ya kurejesha bidhaa.
4. Kudai risiti, na kuhifadhi nakala ya video na mazungumzo yenu. Video inaweza kufutwa wakati wowote, nawe ukabaki bila ushahidi.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Tazama, ufurahi, ujifunze kupika. Lakini mkoba wako uwekee pazia.