Unajenga? Waite watu hawa kabla hujamwaga zege

Slabu ya ghorofa ya kwanza imemwagwa Jumamosi. Jumatatu asubuhi fundi bomba anafika saiti, anapanda juu, anaangalia huku na huku, kisha anauliza: "Bosi, bomba la choo linapita wapi?"

Kimya.

Kwenye ramani choo kipo. Sinki lipo, bomba la mvua lipo. Ila njia ya kushusha maji machafu kutoka ghorofani hadi chini hakuna aliyeifikiria.

"Hamna shida," fundi anajibu. "Tutatoboa tu."

Picha hii inajirudia kwenye saiti nyingi za Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na kwingineko. Mwenye nyumba alikaa na mchora ramani. Akakaa na mhandisi wa nguzo na zege. Lakini wale wa umeme, maji na mitambo aliwaacha waje mwisho, kama watu wa kupamba.

Gharama yake inaanzia kwenye zege lililotobolewa na inaweza kuishia kwenye nguzo iliyokatwa.

Hawa ni akina nani?

Jengo lina mwili na lina mishipa. Mwili ni msingi, nguzo, boriti, slabu na kuta. Mishipa ni vitu vitatu:

• Umeme: waya, soketi, taa, meini swichi, waya wa ardhini, jenereta, sola, kamera na intaneti.

• Maji: maji safi yanayoingia, maji machafu yanayotoka, matangi, pampu, chemba na shimo la maji taka.

• Mitambo: viyoyozi, feni za kutoa hewa, lifti na mabomba ya kuzimia moto.

Kwa jengo kubwa kila eneo lina mhandisi wake. Kwa nyumba ya kawaida wanaweza kuwa wawili tu, kwa sababu mhandisi mitambo mara nyingi ndiye anayeshika na upande wa mabomba.

Mishipa hii huwa hatuioni kwa sababu inafichwa ndani ya kuta na juu ya dari. Jijini Paris, Ufaransa, kuna jengo lililofanya kinyume. Kituo cha Pompidou, kilichofunguliwa mwaka 1977, kilitoa kila kitu nje na kukipaka rangi: mabomba ya hewa bluu, ya maji kijani, njia za umeme njano. Ukiliangalia unaona jinsi vitu hivi vinavyokula nafasi. Kwenye nyumba yako nafasi hiyo inatakiwa iwepo pia, ila ndani. Kama hukuitenga mapema, itatafutwa kwa nyundo.

Fundi si mhandisi, na mhandisi si fundi

Wengi wanasema: "Mimi nina fundi umeme mzuri, mhandisi wa nini?"

Fundi mzuri ni muhimu. Yeye ndiye anayepitisha waya na kuunga bomba. Mhandisi kazi yake inakuja kabla: anapiga hesabu. Umeme kiasi gani utatumika? Waya wa unene gani? Bomba literemke kwa kiasi gani? Tangi likae juu kiasi gani? Majibu anayaweka kwenye mchoro, na fundi anaufuata.

Bila mchoro, fundi analazimika kuamua mwenyewe papo hapo, zege likiwa tayari limekauka. Hapo usimlaumu yeye peke yake.

Bomba la choo na boriti: ugomvi wa sentimita

Bomba la choo la kawaida lina upana wa milimita 110, lile ambalo mtaani linaitwa la inchi 4. Haliwezi kulala sawasawa. Lazima literemke ili uchafu utembee wenyewe.

Tuseme mteremko ni sentimita 2.5 kwa kila mita. Kama choo kiko mita 5 kutoka kwenye bomba la kushukia, upande wa mwisho utakuwa chini kwa sentimita 12.5. Ongeza unene wa bomba lenyewe, karibu sentimita 11. Jumla unahitaji zaidi ya sentimita 23 za nafasi chini ya slabu.

Sasa weka boriti katikati ya njia hiyo. Bomba litapita wapi?

Likigunduliwa kwenye karatasi, jibu ni rahisi: choo kinasogezwa, au njia ya bomba inabadilishwa, au dari inashushwa kidogo. Anayefanya mabadiliko anatumia kompyuta, kwa siku moja au mbili. Likigunduliwa saiti, mtu anashika grinda.

Umeme: hesabu ambayo wengi hawaipigi

Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230. Heater ya kuogea ya papo kwa papo yenye wati 5,500 inavuta karibu ampea 24 peke yake. Hiyo haiwezi kuunganishwa kwenye waya wa taa. Inahitaji waya wake, mnene, kutoka kwenye meini swichi.

Tuchukue nyumba yenye heater mbili za namna hiyo (wati 11,000), viyoyozi vitatu vya wati 1,100 kila kimoja (3,300), jiko la umeme (2,000), birika (2,000) na pampu ya maji (750). Jumla ni wati 19,050. Vyote vikiwaka kwa pamoja, hiyo ni karibu ampea 83.

Ni kweli havitawaka vyote kwa wakati mmoja. Lakini ni lazima mtu akae chini na kukadiria vingapi vinaweza kuwaka pamoja saa 12 jioni, watu wakirudi kazini. Jibu lake ndilo linaloamua kama unaomba TANESCO umeme wa njia moja au njia tatu, meini swichi ya ukubwa gani, na waya gani.

Ukikosea hapa, dalili zake unazijua: swichi inajikata kila mara, soketi inapata joto, plagi inakuwa nyeusi. Hiyo ni njia fupi ya kuelekea kwenye moto.

Tangi: urefu na uzito

Presha ya maji inatokana na urefu. Kila mita 10 za kwenda juu zinakupa takriban bar 1. Kwa hiyo tangi likikaa mita 2 tu juu ya bomba la mvua, unapata kama bar 0.2. Maji yatadondoka kwa huruma. Na heater nyingi za papo kwa papo haziwaki kama msukumo ni mdogo.

Suluhisho lipo: kupandisha mnara au kuweka pampu ya kusukuma. Ila kila moja lina gharama yake na linataka maandalizi yake, iwe ni msingi wa mnara au waya wa pampu.

Halafu kuna uzito. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5, kama kuegesha magari madogo manne juu ya paa lako. Kwa hiyo mtu wa maji akiamua tangi likae juu ya slabu, mtu wa zege lazima ajue kabla hajapanga nondo. Wasipoongea, slabu ndiyo itakayobeba siri hiyo.

Kiyoyozi nacho kinatoa maji

Kwenye miji ya pwani yenye unyevu mwingi, kiyoyozi kinakamua maji kutoka hewani muda wote kikiwaka. Maji hayo yanahitaji bomba dogo lenye mteremko mpaka nje. Kama halikupangwa, utaona yanamwagikia ukutani, rangi inabanduka, au jirani wa chini analalamika.

Angalia hapo: kitu kimoja, watu watatu. Mhandisi mitambo anachagua ukubwa wa kiyoyozi, wa umeme anakipelekea waya, wa maji anatafuta pa kumwaga. Ndiyo maana hawawezi kufanya kazi kila mmoja kivyake.

Tundu moja linaweza kuangusha jengo

Tundu lililoachwa mapema halina shida, kwa sababu nondo zinapangwa kulizunguka. Mafundi wanaweka kipande cha bomba kabla ya zege, basi.

Tundu la kutoboa baadaye ni habari nyingine. Boriti na nguzo zinabeba mzigo kwa zege na nondo kufanya kazi pamoja. Ukikata nondo ili bomba lipite, umepunguza nguvu ya kitu kinachobeba kila kilicho juu yake. Hakitaanguka siku hiyo. Ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu kila mtu ataona mambo yako sawa na kupiga plasta juu.

Kanuni ni moja: hakuna anayekata nguzo, boriti au slabu bila ruhusa ya mhandisi wa jengo, tena iwe kwa maandishi.

Uwaite lini?

1. Ramani ikiwa bado ni rasimu. Hapa ndipo unapotenga njia ya wima ya kushushia mabomba, sehemu ya meini swichi, tangi, jenereta na shimo la maji taka.

2. Kabla ya msingi na jamvi. Mabomba ya maji machafu na njia ya waya mkubwa wa umeme mara nyingi yanapita chini yake.

3. Kabla ya kila slabu kumwagwa. Mabomba ya waya na matundu yakaguliwe, yapigwe picha, ndipo zege lije.

4. Kabla ya plasta. Mabomba ya maji yajazwe na kupimwa kwa presha. Kama kuna pa kuvuja, pavuje sasa.

5. Kabla ya kuhamia. Umeme upimwe, pamoja na waya wa ardhini. Fungua koki zote, washa vitu vyote.

Namna ya kufanya nao kazi bila kugombana

Wakalishe mezani pamoja, angalau mara moja, na michoro yote ikiwa imewekwa juu ya mmoja. Swali liwe: "Nani anapita kwenye njia ya mwenzake?" Kikao cha saa mbili kinaweza kuokoa wiki kadhaa.

Waambie ukweli kuhusu maisha yako. Utaweka heater ngapi? Miaka mitano ijayo unataka sola? Vyumba vya nyuma utapangisha? Mhandisi hawezi kupigia hesabu kitu ulichokificha.

Ukibadili mawazo, sema mapema. Kuhamisha jiko kutoka upande huu kwenda ule kunahamisha maji, umeme na chemba.

Na simu yako iwe sehemu ya kazi. Piga picha kila ukuta kabla ya plasta na kila slabu kabla ya zege, ukiweka futi kamba pembeni. Siku ukitaka kutundika televisheni au kutafuta bomba linalovuja, picha hizo zitakuonyesha pa kugusa na pa kuacha.

Utajuaje ni mtaalamu wa kweli?

Wahandisi Tanzania wanasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Makandarasi wanasajiliwa na CRB. Fundi anayefunga umeme anatakiwa kuwa na leseni ya EWURA, na leseni hizo zina madaraja kulingana na ukubwa wa kazi. Omba namba ya usajili, kisha ihakiki kwa mamlaka husika. Mtu aliyesajiliwa hatakasirika kuulizwa. Kwa jengo la ghorofa au la biashara, ulizia pia mapema matakwa ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Gharama ya mhandisi inauma kwa sababu unalipia karatasi kabla hujaona tofali. Lakini kwenye karatasi hiyo ndimo bomba la choo linapogombana na boriti, na ugomvi ukaisha kwa kufutwa na kuchorwa upya.

Kwa hiyo kabla gari la zege halijafika saiti, uliza swali la yule fundi bomba wewe mwenyewe: linapita wapi? Kama hakuna anayejibu kwa kuonyesha kwenye mchoro, hiyo siku ya zege bado haijafika.