Redio Huharibika, Wimbo Usipotee: Kuchagua Chombo cha Muziki na Kutunza Nyimbo

Katika maduka ya simu mjini Kiserian, redio ndogo zinazosoma kadi ya memori na flashi hupangwa mbele kabisa ya kaunta. Mfugaji huenda na yake malishoni, mama mboga huiweka kando ya meza yake sokoni, na mlinzi hukesha nayo langoni. Wengi wakishanunua redio na kujaziwa nyimbo, huona kazi imekwisha. Lakini redio ni chombo tu, na kila chombo kina siku zake. Kilicho ndani ya kadi huenda ni sauti ya nyanya aliyekwisha kufariki, au nyimbo za sherehe ambayo haitarudi kwa miaka mingi. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchagua chombo kitakachofaa, na jinsi ya kutunza nyimbo ili zidumu kuliko chombo chenyewe.

Chombo kipi kinafaa?

Swali la kwanza si bei, ni stima. Mkazi wa mjini anaweza kuchaji kila jioni. Anayeishi mbali na nyaya, upande wa kuteremkia Magadi, anahitaji redio ya sola au yenye betri ya kutoa na kurudisha. Redio nyingi ndogo hutumia betri ya BL-5C, ile iliyokuwa ikitumika katika simu za Nokia za vibonyezo. Betri hiyo ikichoka, nyingine hupatikana kwa urahisi. Spika nyingi za bluetooth zina betri iliyofungiwa ndani, na ikifa huhitaji fundi.

Swali la pili ni nani atakayeitumia. Mzee asiyeona vizuri anafaa redio yenye vibonyezo vikubwa na inayoendelea pale ilipoachia. Kijana mwenye simu ya kisasa huenda hahitaji kununua chochote. Vichezeo vya muziki vya mfukoni vimepungua sana kwa sababu simu zimechukua kazi yake. Kampuni ya Apple, iliyotoa iPod mwaka 2001, iliacha kuitengeneza mwaka 2022. Hata hivyo, simu inayocheza muziki kutwa nzima huisha chaji, na mwenyewe akashindwa kupiga simu au kutuma pesa anapohitaji. Kwa anayesikiliza saa nyingi, redio ya pembeni bado ina faida.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aende na kadi yake mwenyewe dukani. Aijaribu redio kwa sauti ya juu, achomeke chaja, ajaribu tundu la kadi na la flashi, kisha adai risiti. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na risiti ndiyo ushahidi wake.

Tahadhari kuhusu kadi

Wimbo wa MP3 wa ubora wa kawaida huchukua karibu MB 1 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne, basi, ni kama MB 4, na kadi ya GB 8 hubeba nyimbo zipatazo 2,000. Hakuna haja ya kukimbilia kadi kubwa. Tena kadi zinazozidi GB 32 kwa kawaida hupangwa kwa mfumo uitwao exFAT, ambao redio nyingi ndogo haziusomi.

Kuna pia kadi bandia. Imeandikwa GB 64 na hata kompyuta inaonyesha GB 64, kumbe ndani ni GB 8 tu. Inapojaa kiasi chake cha kweli, nyimbo zinazofuata huonekana kwa majina lakini hazichezi, au hufuta zile za mwanzo. Dawa ni kuijaza kadi mpya hadi mwisho, kisha kucheza nyimbo za mwanzo, za katikati na za mwisho, kabla ya kuiamini kwa jambo lolote la maana.

Kompyuta za kujazia nyimbo huhudumia kadi za watu wengi, na virusi huhama pamoja nazo. Aliye na rekodi za familia asiipeleke kadi hiyo kujaziwa nyimbo. Awe na kadi nyingine kwa kazi hiyo.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kadi yenye faili 600 zinazoitwa "Track 01" na "AUD-0045" ni mali ya namna hiyo: nyimbo zipo, lakini hakuna anayejua ni zipi. Njia rahisi ni kutenga folda chache: injili, za zamani, za watoto, za nyumbani. Kwa rekodi za nyumbani, jina la faili lianze na mwaka na mwezi, lifuatwe na tukio, mahali na mwimbaji. Mfano: "2018-12 Harusi Kiserian Nyanya 01". Redio nyingi hupanga nyimbo kwa kufuata majina au mpangilio wa kunakiliwa, kwa hiyo namba hizo husaidia kuzicheza kwa utaratibu.

Nyimbo zisizouzwa popote

Wimbo wa msanii maarufu ukipotea, hupatikana tena. Wimbo wa mzee wa boma hauna duka. Mwaka 2018, UNESCO iliziweka Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, sherehe tatu za rika za wanaume wa Kimaasai, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Nyimbo ni sehemu ya sherehe hizo, na rika moja hupita mara moja tu. Aliyerekodi kwa simu kisha akapoteza simu hawezi kuwaomba wazee warudie Eunoto.

Thamani ya nakala imekwisha kuonekana nchini. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis, na rekodi hizo zikahifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, nchini Afrika Kusini. Zaidi ya miaka 60 baadaye, maktaba hiyo kwa kushirikiana na Ketebul Music ya Nairobi iliwarudishia wenyewe nakala. Nyimbo hizo zilirudi kwa sababu kuna mtu aliyeziandika majina, mahali na tarehe, na kuna mahali palipozitunza.

Familia inaweza kufanya vivyo hivyo kwa gharama ndogo. Kwanza, simu isirekodi kwa AMR, kwani mfumo huo uliundwa kwa mazungumzo na huharibu sauti ya wimbo. WAV au M4A ni bora. Pili, rekodi ihifadhiwe kama ilivyo, kisha itengenezwe nakala ya MP3 ya kusikiliza kwenye redio. Tatu, kaseti za zamani zihamishwe mapema. Waya kutoka tundu la vipokea sauti la redio ya kaseti hadi kwenye kompyuta, pamoja na programu ya bure ya Audacity, vinatosha. Kaseti ya dakika 90 huchukua dakika 90 kuhamishwa.

Mwisho, ziwepo nakala mbili au zaidi, katika nyumba mbili tofauti. Moja ikae Kiserian, nyingine kwa jamaa aliye Kitengela au Kajiado mjini. Kadi na flashi hazikutengenezwa kukaa sandukuni miaka mingi bila kuguswa, kwa hiyo zifunguliwe walau mara moja kwa mwaka na kukaguliwa.

Haki za wasanii

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kunakili nyimbo za watu na kuziuza bila idhini ni kosa. Zipo njia halali zisizo ghali: Mdundo, huduma iliyoanzishwa Kenya, huruhusu kupakua nyimbo bila malipo, na Boomplay ina nyimbo za kusikiliza bila kulipia. Hata kwa rekodi ya nyumbani, ni adabu kumwomba mwimbaji ruhusa kabla ya kuisambaza.

Masikio na barabara

Shirika la Afya Duniani linashauri sauti isizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda salama hushuka hadi saa nne tu kwa wiki. Ikiwa aliye kando lazima apaze sauti ili asikike, muziki umezidi. Na anayeendesha bodaboda kwenye Barabara ya Magadi avue vipokea sauti, kwa kuwa honi ya lori haisubiri wimbo uishe.

Kwa mkazi mwenye rekodi moja tu ya mzazi wake, hatua ya kwanza inaweza kuchukuliwa leo: atengeneze nakala ya pili, aipe jina, na ampe jamaa aitunze.